Nyoka wa Stoo Yangu na Posa ya Kinoti

Kibugu, Embu
9 Agosti 1998

Kwa Mchungaji Njagi,

Bwana asifiwe. Mimi Ishmael Runji, mzee wa kanisa lako na mkulima wa chai, nakuomba kwa heshima zote usilisome tangazo la ndoa ya binti yangu Wanjira Jumapili ijayo. Kijana aliyemposa, Kinoti wa kule Nchiru, amesomea nyoka. Naam, nyoka. Watoto wa wenzetu husomea udaktari. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku aliyokuja kujitambulisha, nyoka alitokea mlangoni mwa stoo. Watu wote walikimbia. Mimi nilipanda juu ya meza, lakini ni kwa ajili ya kuona vizuri. Kinoti akamwinua kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa kubariki, akasema huyo ni nyoka wa nyumba tu: rangi ya kahawia, mistari myeupe inayopita machoni, hana sumu, hutoka usiku kutafuta panya. Kisha akamrudisha stoo. Stoo yangu! Mwanamume amekuja kuomba mke, anaondoka ameniachia nyoka.

2. Katika sukuma wiki za mke wangu, Rwamba, kuna vijoka vyeusi ambavyo ukivigusa hujikunja kama donge la chapati. Nimevikatakata kwa jembe kwa ushujaa mkubwa. Bwana huyu akasema chakula chao ni konokono wale wasio na gamba, na kwamba ushujaa wangu ndio uliotoboa majani yetu. Rwamba akalificha jembe. Sasa natembea katika shamba langu mwenyewe nikiwapisha nyoka njia.

3. Unakumbuka ushuhuda wangu juu ya nyoka mwenye vichwa viwili? Ulilia, Mchungaji. Kinoti alimfukua mmoja kwenye kichuguu, akatuonyesha kwamba kichwa cha pili ni mkia butu, na cha kwanza chenyewe karibu hakioni. Anakula mchwa, basi. Watoto wa Shule ya Jumapili sasa wananiita Mzee Mkia. Aibu hii ataifuta nani?

4. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kwa muda mrefu maziwa lala ya Rwamba, yale anayowawekea wageni kibuyuni, yamekuwa yakipungua. Nilimweleza, kama wazee wetu walivyojua, kwamba nyoka wa nyumbani hupenda maziwa. Zamani alitengewa kwa heshima, akanywa, akaenda zake. Nyumba ikatulia. Sasa msomi wetu, bila haya mbele ya wakwe, akatamka kwamba hakuna nyoka anayekunywa maziwa, hata awe na njaa namna gani. Rwamba aligeuka, akanitazama. Tangu hapo hapiki, Mchungaji, ananitazama tu. Juzi aliniuliza kama nyoka wangu pia ndiye anayejua kufunika kibuyu.

Elimu ya namna hii ina sumu kuliko kifutu. Kifutu huuma mtu mmoja. Kijana huyu ameuma ukoo mzima kabla chai haijapoa. Kwa hiyo Kinoti arudi kwao Nchiru, nyoka afukuzwe kwa maombi, na kanisa litoe msimamo wake juu ya maziwa.

Nisalimie Mama Mchungaji, wanakwaya wote, na hata Njuki mpiga ngoma, ingawa nimemwona akicheka.

Ndimi mzee wako mwenye majonzi,
Ishmael Runji

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimepita stoo mara moja, kuhakikisha jambo fulani. Nyoka alikuwa amelala juu ya gunia la mahindi, na gunia halina hata tundu moja la panya mwaka huu. Tulitazamana, kisha kila mtu akaendelea na shughuli yake. Basi asifukuzwe, hana neno. Na Kinoti naye si mtu mbaya: akisimama mbele ya Rwamba aseme yupo nyoka mmoja, hapa Kibugu peke yake, anayekunywa maziwa lala, akapangusa mdomo na kukifunika kibuyu vizuri, tangazo lisomwe Jumapili hiyohiyo ijayo. Nitakaa kiti cha mbele.