Mkono Ulioshika Mkono wa Ekofo

Jumapili, 2 Juni

Mama Nsona ametangaza leo. Ukuta wa mbele wa baa yake utapakwa rangi upya, na hapo atachorwa mpiga gitaa mmoja. Mmoja tu! Mkubwa kuliko wote waliopata kupiga gitaa Kinshasa. Tumepewa hadi Jumamosi tuwe tumekubaliana, la sivyo atachora chupa ya bia.

Kwangu hakuna cha kujadili. Ni Ekofo. Bandal nzima inajua kwamba mimi, Anaclet Mboloko, fundi saa mstaafu, ndiye mtu pekee aliye hai mtaani hapa aliyeshikana mkono na Ekofo. Mwaka themanini na tatu. Ukumbi umefurika, mimi mfupi, jukwaa silioni. Mwimbaji akaita, "Ekofo! Ekofo!" Hapo hapo sebene, ile sehemu ya kucheza, likaanza, gitaa la solo likapanda, kina dada wakaacha viti vyao. Muziki ulipokwisha nikauliza Ekofo ni yupi. Nikaonyeshwa bwana mwenye suti nyeupe, wanamuziki wote wanamwinamia. Nani huinamiwa na wanamuziki kama si mpiga solo? Nikampa mkono. Kiganja kigumu kama ngozi ya ngoma! Tangu hapo kiti cha karibu na spika ni changu, na wageni huonyeshwa mkono wangu wa kulia.

Sasa ametokea Nkiere, mwalimu wa hesabu mstaafu, na hoja zake. Ati ukubwa wa mpiga gitaa ni zile noti anazoziacha bila kupiga. Ati mkubwa ni mzee Lofembe, wa kabla ya uhuru, aliyegusa uzi mmoja akatulia mpaka uzi wenyewe ukamwonea huruma. Nikamwambia kama ukubwa ni kunyamaza, basi tumchore marehemu yeyote. Watu walicheka, lakini si wengi kama nilivyotarajia.

Kisha Rodrigue, kijana mwenye bendi yake hapo nyuma ya soko, akasema ukubwa ni kasi ya vidole. Anamtaka huyo wanayemwita Turbo. Nikamwambia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tena nyimbo zenyewe za siku hizi! Dakika ishirini, na nusu yake mwimbaji anataja majina ya waliomtunza. Muuza simenti. Muuza magari. Mbunge. Wakati wetu, nilimweleza, jina lililoitwa wimboni lilikuwa la mpiga gitaa.

Nyumbani mke wangu Godelieve akasema mkubwa ni yule kijana wa kanisani kwao, kwa sababu akipiga wanainuka hata wasiokunywa pombe. Nimelala na hasira.

Jumatatu, 3 Juni

Mpango umeiva. Hakuna maneno tena, nitawasikilizisha Ekofo mwenyewe. Santuri ninayo, nimeitunza chini ya godoro tangu mwaka ule wa themanini na tatu, imefungwa kwa kitambaa cha harusi yetu.

Kikwazo: gramafoni inayofanya kazi mtaani ni moja tu. Ya Nkiere.

Nimevaa viatu vyangu vya ngozi ya mamba, nimekwenda kwake. Viatu hivyo huvaliwa Pasaka na misibani, lakini mtu ukienda kumwomba adui ni lazima miguu iwe na heshima. Nkiere alikubali upesi mno. Sharti lake ni Lofembe asikilizwe kwanza. Nikasema sawa. Ningejua!

Jioni tumekaa kwa Mama Nsona. Lofembe akapigwa upande wa kwanza. Upande wa pili. Nkiere akaomba upande wa kwanza tena kwa ajili ya waliochelewa. Aliyechelewa alikuwa mbwa. Kila uzi ulipotulia Nkiere aliinua kidole, na sote tukawa tunakitazama kidole. Mwishowe nikaiweka santuri yangu kwa mikono yangu miwili. Sindano ikashuka. Mwimbaji akavuta pumzi.

Umeme ukakatika.

Nkiere alisema gizani kwamba huo ndio utulivu bora wa Ekofo aliowahi kuusikia. Hata Mama Nsona alicheka, na bia zake zinapata joto! Sijawahi kuona watu wasio na adabu namna hii.

Jumanne, 4 Juni

Mkono mtupu haulambwi. Nimemtafuta Papytsho, mchoraji mwenyewe. Anayeshika brashi ndiye anayeamua, si wanaoshika chupa. Godelieve alikuwa amepika samaki wa kufungwa kwenye majani, wenye pilipili. Nikawachukua wote. Alipouliza nikasema wanakwenda kwa mgonjwa.

Papytsho alikula wote, akala na muhogo, akajifuta, akasema anamwunga mkono Ekofo kwa moyo wake wote. Kisha akauliza Ekofo alikuwa na sura gani.

Swali la kijinga, nikamwambia. Kisha nikafikiri. Gamba la santuri lina picha ya mtende tu. Na mimi pale ukumbini niliutazama mkono, sikuutazama uso. Lakini mtu hawezi kukiri jambo kama hilo baada ya kugawa samaki. Nikasema alifanana kidogo na mimi.

Nimesimama mbele ya ukuta mchana kutwa na fagio begani kama gitaa. Mkaa wa Papytsho ulikwenda vizuri ukutani. Mabega mapana, suti, gitaa safi kabisa. Nilijiona nimefika.

Jioni wamekuja wenzangu wa baa. Rodrigue aliuliza kwa upole kwa nini Ekofo ana masikio ya Papa Anaclet. Wakaleta taa. Wakanisimamisha kando ya ukuta wanilinganishe! Nkiere akasema bila picha ya kweli Ekofo ametoka mashindanoni, na Mama Nsona akamuunga mkono.

Masikio yangu ni ya kawaida.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Nimempata!

Wakitaka picha, nitawapa picha pamoja na damu yake. Nilikumbuka kuwa orkestra ile ilikuwa ya Kintambo. Nimezunguka huko siku mbili, nikiuliza kila mwenye mvi. Leo asubuhi bibi mmoja akaninyooshea kidole: kwa kina Ekofo ni pale penye moshi.

Pale penye moshi pana tanuri la mikate. Binti wa Ekofo anaitwa Mama Albertine, mwanamke mnene, mpole, unga hadi kwenye viwiko. Mtoto wa mpiga gitaa mkubwa kuliko wote anakanda mikate ili aishi! Nchi hii haijui kuwatunza wasanii wake. Machozi yalinilenga, na nikamwambia hivyo.

Akataka kusema kitu. Nikamzuia, maana sikutaka auchoshe moyo wake kwa mambo ya uchungu. Nikamsimulia mkono, ukumbi, suti nyeupe. Akasema naam, suti nyeupe anaikumbuka vizuri. Akataka tena kusema kitu. Nikamwambia, "Mama, yaweke yote hadi Jumamosi. Uyaseme mbele ya watu." Akaniangalia kidogo, akakubali. Anayo picha ya baba yake akiwa kazini, na ataileta.

Akiwa kazini! Nilimwomba asimwonyeshe mtu yeyote kabla.

Njiani nimepita kwa Nkiere makusudi. Nikamwambia amwandae Lofembe kwa mazishi ya pili.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa viatu vya mamba. Baa ilijaa mpaka barabarani. Nkiere alileta gramafoni yake mwenyewe, amenyooka kama yuko darasani. Mama Albertine akaja na kapu kubwa la mikate ya moto na bahasha. Nikapanda juu ya kreti, nikahutubia. Nilisema ukubwa wa mpiga gitaa haumo kwenye kasi wala kwenye kunyamaza, umo kwenye mkono, na nikauinua mkono wangu uliougusa. Nikasema sasa damu yake itazungumza.

Mama Albertine akasimama. Akashukuru kwa heshima aliyopewa baba yake. Kisha akanigeukia mimi, si watu.

"Papa Anaclet, baba hakuwahi kushika gitaa maisha yake yote. Alikuwa mwoka mikate."

Nilimwomba arudie. Akarudia! Baba yake aliwapa wale wanamuziki mikate kila asubuhi na gari la kubebea vyombo. Wao kwa shukrani wakawa wanamwita jina wimboni, mahali penye utamu, kabla tu ya sebene. Kama ilivyo desturi, akasema. Kama anavyofanya muuza simenti. Hapo Rodrigue akainamia glasi yake, mabega yanatikisika.

Picha ikapita mkono kwa mkono. Suti nyeupe, ndiyo. Mikononi koleo refu la tanuri, na juu yake mikate kumi na miwili. Viganja vile vigumu ni vya kukanda na kuungua.

Miaka yote hii! Nimepigana na shemeji yangu msibani kwa ajili ya mtu yule. Nimekataa kumpa mkono wa kulia mkaguzi wa kodi.

Nkiere hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliuliza taratibu, basi solo lile alilipiga nani. Mama Albertine akafikiri. Alikuwepo kijana mwembamba, alisema, aliyekuja alfajiri kupasha vidole vyake moto kwenye tanuri kabla ya mazoezi. Baba alimwita Mdogo tu. Siku moja alivuka mto kwenda Brazzaville na hakuonekana tena. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka.

Nkiere akaiweka santuri yangu. Umeme, kwa kunikomoa, haukukatika. Mwimbaji akaita jina la mwoka mikate mara mbili, na gitaa likaingia. Rodrigue aliacha kucheka, akawa anatafuta zile noti mezani kwa vidole vyake. Mama Nsona alisimama na trei mkononi mpaka mwisho. Na kuna mahali ambapo gitaa linatua kidogo, kama mtu anayekumbuka kitu mlangoni. Nkiere hapo hakuinua kidole. Alivua miwani.

"Ulikuwa sahihi, Anaclet," alisema. "Huyu ndiye mkubwa wao wote. Lofembe amsogezee kiti."

Wote wakakubali, hata Rodrigue. Mimi nikakataa! Mnawezaje kumpa ukubwa mtu asiye na jina? Atashangiliwaje? Ukutani pataandikwa nini? Watu wakanitazama kana kwamba nimetukana. Mama Nsona peke yake ndiye aliyeona maana ya maneno yangu, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara.

Jumapili, 9 Juni

Sikutoka. Wakati wa chakula cha mchana Godelieve akaniambia miaka yote nilikuwa nimevishwa kilemba cha ukoka na nilijivika mwenyewe. Halafu akauliza kuhusu mgonjwa aliyekula samaki. Papytsho amemshukuru kanisani, mbele ya watu.

Dirishani nimesikia watoto wakitumwa dukani. "Lete Ekofo mbili." Ndivyo wanavyoiita mikate sasa. Nimefunga dirisha.

Jumanne, 11 Juni

Ukuta umekamilika. Nimepita upande wa pili wa barabara, kwa kofia.

Amechorwa Ekofo! Mama Albertine amekubaliana na Mama Nsona: mikate ya moto kila asubuhi pale baa, na jina la baba ukutani. Sura ni ya kwenye picha. Lakini Papytsho alikataa katakata kulifuta gitaa, maana ndilo alilolichora vizuri, na juu ya hayo masikio yamebaki yangu. Chini, kwa herufi nyekundu: EKOFO.

Vijana wawili wageni walikuwa wamesimama wanatazama. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba huyo alikuwa mpiga solo hatari sana, babu yake amewahi kumsikia. Mwenzake akatikisa kichwa kwa heshima.

Nilifungua mdomo niwasahihishe. Nikaufunga. Nimerudi nyumbani mbio.

Alhamisi, 13 Juni

Mbona sikuliona jambo hili tangu awali!

Bendi ya Rodrigue inarekodi kesho. Nimekwenda kumwona asubuhi. Fedha sina, lakini viatu vya ngozi ya mamba ninavyo, na miguu yake na yangu ni saizi moja. Alivigeuza, akavinusa, akaniuliza aniite nani. Fundi Saa? Papa wa Bandal? Nikamwambia Anaclet tu, mara mbili, bila cheo wala kazi, na iwe pale pale kabla sebene halijaanza. Yule anayepiga solo lao ni kijana mwembamba, mnyamavu. Alikuwa pembeni anafunga nyuzi. Sikumuuliza jina, nilikuwa na haraka.

Godelieve ameuliza viatu viko wapi. Nimesema viko kwa mgonjwa.

Nkiere anasema sijajifunza kitu. Wivu! Jina lake yeye nani ataliita? Baada ya miaka arobaini watu watakaa mbele ya ukuta fulani, watasikia "Anaclet! Anaclet!" na gitaa litaingia, na watagombana mpaka bia zipate joto. Yupo atakayeapa kwamba aliwahi kunishika mkono. Kwa ajili yake, tangu asubuhi nasugua viganja kwa jiwe la kusugulia visigino, viwe vigumu.