Saa ya Msikiti na Rafiki Yangu Asiye na Jina

Jumatatu, 2 Februari (14 Shaaban)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeupanga usiku na mchana kwa hesabu isiyokosea, naanza daftari hili. Salamu na rehema ziwafikie wajukuu zangu watakaolisoma nikiwa chini ya udongo wa Lautoka, mji wetu hapa Fiji, na kila atakayelifungua kwa nia njema.

Naandika kwa uzito. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa muadhini wa msikiti wetu. Ramadhani iliyopita niliadhini Magharibi dakika nne kabla ya jua kuzama. Dakika nne! Kosa la macho, si la moyo. Mtaa mzima ulifuturu mapema, na mtaa mzima ukailipa siku ile. Tangu hapo watu hunisalimu kwa adabu, kisha hutazama saa zao.

Leo Mwenyekiti Ashiq ametangaza kwamba kuanzia Ramadhani hii wakati wa adhana utashikwa na mashine. Atakayeunda mashine bora atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha spika. Jaribio ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Ufunguo huo umekaa mfukoni mwangu tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi.

Wazir alinyanyua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Wazir ni kaka wa mke wangu na fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha sukari. Amezaliwa mkono ukiwa juu.

Nami nikanyanyua. Kama mashine haina budi, basi itoke nyumbani kwangu.

Jumatano, 4 Februari

Mashine imekamilika, kwa rehema za Mola. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Kioo cha simu ya zamani. Spika iliyotoka kwenye teksi iliyokufa. Sauti ya adhana ni yangu mwenyewe, niliyoirekodi sebuleni baada ya kumwomba Hafizan, mke wangu, aache kukaanga kwa robo saa.

Ndani mna chipu ya kutunza saa, na kibetri chake cha duara mfano wa sarafu, ili umeme ukikatika saa isipotee. Kibetri ni kipya. Nimekiweka pamoja na kipande chake cha nailoni, vilevile kilivyotoka dukani. Katika nyumba hii vitu vinatunzwa. Makochi yetu yamo ndani ya nailoni tangu harusi ya binti yetu wa kwanza. Rimoti pia. Hakuna kilichochakaa.

Na ikitokea chipu imesahau saa, nimeiagiza mashine ianzie Alfajiri, kwa kuwa siku ya mja huanzia kwenye sala.

Saa kumi na moja jioni ilinyesha mvua. Umeme ukakatika, ukarudi. Mashine ikaadhini Alfajiri. Hafizan akauliza kutoka jikoni kama alale kwanza, ili aamshwe vizuri.

 

Jumamosi, 7 Februari

Meza ya Jumamosi, ndilo jina la kikundi chetu cha wapenda kuunda mashine. Hukutana barazani kwa Sevanaia, aliyekuwa fundi wa simu, mzee mwenye mikono kama makasia na subira ya kanisani kwake. Wenzangu hunywa yaqona, kile kinywaji cha mizizi, kwa kifuu; mimi huletewa chai ya majani ya mlimau. Kila mmoja huleta alichokiunda au kilichomshinda. Mwalimu Kamla alileta kompyuta aliyoijenga ndani ya kopo la biskuti, inayompimia maji ya tangi. Ilipongezwa kwa makofi matatu. Wazir alikuja mikono mitupu na tabasamu.

Meza ina sharti moja tu. Mwenye hitilafu, kabla hajapewa ushauri, ataje kitu cha mwisho alichokigusa kwa mkono wake. Sevanaia husema kwamba nusu ya mashine hupona hapo hapo.

Nililitafakari sharti hilo njia nzima. Kulitimiza mbele ya Wazir kungekuwa kuutoa ufunguo kwa mkono wangu. Kwa hiyo nilieleza kwamba rafiki yangu mmoja ana saa inayosahau wakati kila umeme ukikatika.

Sevanaia akauliza rafiki huyo aligusa nini mwisho. Nikasema hakuniambia.

"Rafiki huyo anakaa wapi, Haji?" akauliza Mwalimu Kamla.

Nikasema mbali kidogo.

"Na yeye muadhini?"

Wazir akakohoa yaqona yote kifuani. Sevanaia akamtazama mpaka akanyamaza, kisha akauliza kuhusu kibetri. Nikasema kwa dhati kwamba ni kipya kabisa. Akaomba aletewe mashine aifungue. Nikasema rafiki yangu hapendi vitu vyake kufunguliwa. Wakashauriana kwa muda mrefu, kwa huruma, na mwisho wakakubaliana kwamba labda chipu yenyewe ni mbovu, ila bila kuiona hawawezi kuapa.

Chipu mbovu! Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Jumatatu, 9 Februari

Nimeweka chipu mpya na kibetri kipya, kila kimoja na nailoni yake. Saa inakwenda vizuri ajabu. Sikuukata umeme kuijaribu. Kumjaribu aliyekwisha kupona ni kukosa shukrani.

Hafizan alimpelekea kaka yake chapati za roti na dengu. Aliporudi nilimwuliza, kama kwa bahati, mashine ya Wazir ikoje. Akasema ni sanduku la kijivu, halina betri hata moja, lina waya mrefu tu unaopanda juu ya paa.

Halina betri! Nikamwuliza tena ili nisimdhulumu Wazir. Halina.

Jumanne, 10 Februari

Nilimtembelea Mwenyekiti Ashiq. Nilizungumza juu ya amana, na juu ya msimu huu wa tufani na umeme wake usioaminika. Kisha nikapendekeza kwamba katika jaribio umeme ukatwe kwenye swichi kuu mbele ya waumini wote, kwa kadiri ya kusoma tasbihi mia moja, ndipo urudishwe.

Akasema ni wazo la hekima, na kwamba Wazir hakuwa amelifikiria.

Nikasema Wazir ana mema yake.

Ijumaa, 13 Februari

Nitaandika kwa ufupi.

Baada ya sala mashine mbili ziliwekwa mezani mbele ya mimbari, yangu ikiwa imefunikwa kitambaa cha mahameli, ya Wazir ikiwa na ule waya wake uliopandishwa juu ya paa la msikiti. Umeme ukakatwa. Nilisoma tasbihi zangu kwa utulivu, nikimhurumia shemeji yangu.

Umeme ukarudi. Sanduku la Wazir lilinyamaza kidogo, kisha likaonyesha saa nane na robo, sahihi kwa sekunde. Kumbe ule waya wa juu ya paa huiuliza saa kwa setilaiti! Halihitaji betri. Halihitaji chochote isipokuwa mbingu.

Yangu ikaadhini Alfajiri. Kwa sauti yangu. Mchana kweupe, mbele ya waumini mia mbili, ikawajulisha kwamba sala ni bora kuliko usingizi.

Hakuna aliyecheka msikitini. Walikwenda kuchekea uani, na kuta zetu ni nyembamba.

Mwenyekiti akanyoosha kiganja. Nilitafuta mfukoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mfuko sasa ni mwepesi, na upande ule wa mwili wangu unahisi baridi.

Jumamosi, 14 Februari

Sikukusudia kwenda Mezani. Wazir alikuja kunichukua, akaibeba mashine yangu chini ya kwapa bila kuniomba ruhusa. Barazani alisema yule rafiki wa Haji yupo hospitali ya mbali, na kwamba saa yake mgonjwa imefika bila ndugu. Sevanaia akafungua skrubu nne. Akainama. Akamwita Mwalimu Kamla. Wakainama wote. Kisha akachomoa kipande cha nailoni kilichokaa kati ya kibetri na chuma, akakiinua kwenye mwanga.

"Haji, hata nguo ya mtoto mchanga huvuliwa aogeshwe!" akasema Mwalimu Kamla.

Sevanaia akaeleza kwa upole kwamba nailoni ile huzuia umeme wa betri usipite, na kwamba huvutwa siku ya kwanza. Umeme ukakatwa mara tatu. Mara tatu saa ikakumbuka.

Ndipo Wazir akasema jambo ambalo sikulitarajia. Mashine yake inajua wakati lakini haina sauti. Hulia kama lori linalorudi nyuma, na watu hawawezi kufuturu kwa mlio wa lori. Amekwisha kuzungumza na mwenyekiti. Waya wake utaunganishwa na mashine yangu, na ufunguo tutaushika wote wawili, kwa zamu. Sharti lake lilikuwa moja: nitaje kitu cha mwisho nilichokigusa, mbele ya Meza, kwa kinywa changu.

Baraza zima likanitazama. Nilimeza chai. Nikasema kwamba rafiki yangu amejuta sana.

Wazir akaufunika uso kwa viganja viwili. Mabega yake yalitikisika. Kisha akautia ufunguo mfukoni mwangu.

Jumatatu, 16 Februari

Mashine imefungwa chumbani mwa spika. Ramadhani iko mlangoni. Wazir aliunganisha waya wake, akaniusia kwamba matundu ya pembeni ni ya kupumulia, kisha akashuka. Zamu ya ufunguo ni yangu.

Nilibaki peke yangu. Nikaona mjusi ukutani. Nikaona vumbi. Nilikuwa nimekuja na nailoni nene safi, ile iliyosalia ya makochi. Nimeizungushia mashine mara nne, nikaifunga kwa utepe wa gundi kila upande, matundu yote, pasipitie hata sisimizi. Sikuona haja ya kumsumbua Wazir.

Akiuliza nani aligusa mwisho, rafiki yangu yupo.

Baada ya Adhuhuri niliweka kiganja juu yake. Tayari ina joto zuri, kama kifua cha mtu aliye hai. Alhamdulillahi, ni dalili ya baraka.

Mola ambariki asomaye haya na wote walio chini ya dari lake, awatunzie macho yao na saa zao, na awafikishe Ramadhani wakiwa salama. Amina.