Kwa Niaba ya Kuku

Dancan aliingia katika hoteli ya Hezekiah, mtaa wa Sharafiya, kutafuta chapati tu. Alikuwa dereva; bosi wake, yaani kafili aliyemdhamini Saudia, alikuwa amemtoa Riyadh waje Jeddah kwa mapumziko ya wiki mbili, na asubuhi ile hakuwa na nia mbaya na mtu. Ila kwenye televisheni kulikuwa na Kuku Madharau, yule kikaragosi wa kuku aliyetengenezwa kwa soksi, anayesuta majogoo, na Wakenya walikuwa wakimcheka hadi chai ikapoa. Kipindi kilipokwisha, maandishi yakapita: mwenye kipindi, Rael Jebichii.

Dancan akauliza kwa upole kama Hezekiah humlipa huyo Rael mrabaha.

Mrabaha ni neno zuri. Lina sura ya Kiarabu, na kwa mwenye hoteli ambaye ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, inasema ni mtunza bustani, neno la namna hiyo huteremsha jasho. Dancan akaeleza kwamba yeye ni wakala wa wenye vipindi, kwamba kunasa kipindi cha Nairobi na kukionyesha Jeddah ni kukirusha upya, na kwamba mama wa watu anateseka huku wengine wakiuza chai kwa jasho lake. Alisema kwa huzuni hata yeye mwenyewe akamhurumia. Kadi iliyoning'inia shingoni ilikuwa ya maegesho ya bosi.

Hezekiah akalipa. Kufikia Ijumaa ya pili hoteli zote za Wakenya hadi Ruwais zilikuwa zimelipa, kila moja na risiti yake: Nimepokea kwa niaba ya Rael Jebichii. Bahasha ilikuwa imenona, na jioni bosi alikuwa anarudi Riyadh. Dancan akapita kwa Hezekiah kuaga.

Hapo kuku akacheka. Watu wakatazama televisheni. Ilikuwa imezimwa.

Sauti ilitoka meza ya nyuma, kwa mwanamke mwembamba aliyeshika risiti ya Hezekiah.

"Ati kwa niaba," kuku akasema. "Mimi ndio huyo niaba."

Akaweka ikama mezani. Rael Jebichii, mfanyakazi wa nyumba, Al-Baghdadiyah. Kwenye kipindi watu walikuwa wakiona soksi tu, hawakujua sura yake. Akaeleza, sasa kwa sauti yake, kwamba kituo hakikumlipa hata shilingi, ndiyo maana anapiga pasi Saudia. Amebakiza miezi miwili ya mkataba, na akirudi Kenya anataka kamera yake mwenyewe. Machozi yalimlengalenga.

Dancan akapima mambo haraka. Risiti zikiwa za uongo, Hezekiah yuko mlangoni na kifimbo cha kusukumia chapati. Zikiwa za kweli, bahasha si yake.

"Nimekutafuta sana, dada," akasema, akaitoa kwa mikono miwili.

Rael akamshukuru, akaipiga picha ikama ya Dancan ili wakala asimpotee, kisha akatia sahihi risiti zote tupu zilizobaki kwenye kitabu chake.

"Na huko Riyadh," akauliza, "hawaangalii kuku?"

Jioni Dancan alikuwa barabarani, wakala halali kabisa, na hakuwa amewahi kuona aibu kama hiyo. Simu ikalia, akabonyeza, na gari lote likajaa sauti ya kuku: "Yalla, Dancan, twende kazi."

Bosi, kiti cha nyuma, akauliza huyo ni nani.

"Kafili wangu wa pili," Dancan akajibu.