Malalamiko Kuhusu Maziwa ya Kindness Yasiyopimwa na Mtu

Kwa Mganga Mfawidhi,
Zahanati yetu, huku Marangu.

Ndugu Mganga,

Kwa umri wewe ndiye ungeniamkia, lakini kwa kuwa una mhuri, natangulia mimi. Hujambo? Sisi hatujambo, migomba imebeba, na mguu wangu wa kushoto umepona bila dawa yako.

Mimi ni Sifael, mjomba wake Kindness aliyejifungua hapo kwako miezi mitatu iliyopita. Elimu yangu ni darasa la sita na nusu, ila ile nusu niliisoma kwa nguvu sana. Nimekuwa mpagazi wa mlimani miaka kumi na miwili. Niliwahi kupandisha trei ya mayai thelathini kichwani mpaka Kibo, na yakafika thelathini na moja. Mashahidi wapo, ingawa wawili wamehamia Arusha.

Shida yangu ni hii. Jumapili ijayo mtoto wa Kindness, anayeitwa Elifuraha, anabatizwa, na mama yake anatoka rasmi ndani baada ya miezi yake mitatu ya uzazi. Ukoo wote utakuwepo, pamoja na wakwe kutoka Mkuu, watu wanaodhani huku kwetu hatuna kitu. Nimeshawatangazia kwamba siku hiyo mimi mjomba nitasimama katikati ya kihamba, shamba letu la migomba, nitamlisha mtoto kijiko cha kwanza cha maziwa ya ng'ombe wangu Komesha, na watu watapiga vigelegele.

Muuguzi wako, Sista Mektrida, amezuia. Amesema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji ya kunywa hapana. Akaniambia mbele ya foleni nzima ya akina mama wa kliniki, "Babu, hicho kijiko chako kiweke mfukoni." Wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akampa mwenzake mtoto amshikie.

Nikamwomba anieleze hayo maziwa ya mama yana nini cha ajabu. Akatoa karatasi ya picha, akanieleza karibu saa nzima. Nimekwenda nyumbani, nimetafakari, na sasa naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Maji. Sista amekiri mwenyewe kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, na kwamba mtoto anapoanza kunyonya yanakuja mepesi ya kukata kiu, kisha yanazidi kuwa mazito yenye mafuta ya kumshibisha. Ndugu Mganga, mwaka juzi nilipeleka maziwa mepesi kidogo pale kwenye kikundi chetu cha maziwa. Bwana Eliakim akatumbukiza kile kipimo chake cha kioo, kikazama, akanirudishia ndoo mbele za watu akisema nimetia maji. Mimi nikitoa mepesi ni mwizi, Kindness akitoa mepesi ni hekima ya Mungu! Nilimwomba Kindness nusu kikombe tu cha sampuli nikampelekee Eliakim. Dada yangu Elisifa, ambaye ndiye mama yake, alinifukuza na mwiko wa mtori wa ndizi ukiwa bado na mtori.

2. Yale ya njano. Siku mtoto alipozaliwa, yalitoka maziwa machache, mazito, ya njano, yale ya dang'a. Mimi kama mtu mzima nikashauri yakamuliwe chini, kwa sababu kitu cha njano kilichokaa miezi tisa ndani, kwa nini kisiwe kimeharibika? Sista akasema hiyo ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, imejaa kinga, na tone lisipotee. Mtoto akapewa yote. Sikuombwa radhi.

3. Sukari ya wageni. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Sista anasema ndani ya maziwa ya mama kuna aina ya sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuimeng'enya. Nikamuuliza, basi ni ya nani? Akasema ni chakula cha bakteria wazuri wanaoishi tumboni mwake. Ndugu Mganga, nifuatilie taratibu. Mimi nilichinja beberu. Supu ikaenda kwa Kindness. Nikatoa na damu na samli wakampikia mlaso, chakula cha mzazi tangu enzi za mababu. Kindness akala, akatengeneza maziwa, na sehemu ya maziwa hayo inaliwa na bakteria ambao hawajawahi hata kuja kunisalimia! Nimelisha watu wengi katika maisha yangu, lakini angalau niliwajua kwa sura.

Isitoshe, Sista anasema humohumo kuna kitu kingine kinachokamata madini ya chuma na kuyaficha, ili vijidudu wabaya wafe njaa. Kwa hiyo hawa wanalishwa na hawa wananyimwa. Nani aliwachagua? Kikao kilikaa lini? Mimi mjomba sikupata barua ya mwaliko.

4. Askari. Inasemekana maziwa hayo yana chembe hai za kupigana na magonjwa, yaani askari, tena wa kuagiza. Mama akikutana na ugonjwa, mwili wake unatengeneza askari wa ugonjwa uleule na kuwapitisha kwenye ziwa mpaka kwa mtoto. Hilo nimelishuhudia. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia mzazi nikiwa na mafua. Kindness akapiga chafya siku mbili. Elifuraha akacheka tu na kutoa mapovu. Mimi nililala siku tano, mke wangu Martha akinichemshia majani, na hakuna askari hata mmoja aliyetumwa kwangu. Nauliza, je, hii ni haki kwa mtu aliyeleta ugonjwa wenyewe?

5. Heshima ya Komesha. Sista amesema maziwa ya ng'ombe ni mazuri kwa ndama, kwa kuwa ndama anatakiwa kusimama na kukimbia siku ileile, ila kwa mtoto mchanga protini na chumvi yake vinazielemea figo. Wa binadamu, eti, anajenga ubongo kwanza. Yaani Komesha anatengeneza miguu na Kindness anatengeneza akili! Maziwa ya Komesha ukiyamwaga mezani yanasita kwanza kabla ya kutambaa. Kuna mzungu alikunywa kikombe kimoja asubuhi pale kwenye geti la mlima, akapanda mlima akashuka, akawahi chakula cha mchana cha juzi yake.

Najua utasema mtoto alizaliwa na kilo mbili na robo na sasa anazidi tano. Sikatai mizani. Ila hakuna aliyechunguza ni kiasi gani kimetokana na harufu ya supu yangu.

Kwa hiyo naomba: kwanza, Eliakim aruhusiwe kuja kliniki na kipimo chake. Pili, Komesha aje ajitetee, kamba nitaleta mwenyewe. Tatu, na hili ndilo hasa, nipewe kibali cha maandishi, chenye mhuri, cha kijiko kimoja siku ya Jumapili. Kikiwa kidogo sawa. Nisiaibike mbele ya wakwe.

Nisalimie mlinzi, mama wa usafi, na wote waliokuwa kwenye ile foleni isipokuwa yule aliyecheka zaidi.

Ni mimi, mwenye ng'ombe na hoja,
Mjomba Sifael

N.B. Kabla sijafunga bahasha, simu imelia. Ni binti yangu Goodness aliyeolewa Rau. Alijifungua juzi, wiki tatu kabla ya siku zake, kitoto kidogo kabisa, na leo ndiyo wamerudi nyumbani. Analia. Baba mkwe wake, mzee Jovin, amesimama mlangoni na chupa ya chai iliyojaa maziwa ya ng'ombe wake, anataka kumwonjesha mtoto. Nimemwambia Goodness afunge mlango kwa komeo. Kisha nikampigia Jovin mwenyewe. Anajisifu! Anasema ng'ombe wake hana mfano mkoa mzima. Ndugu Mganga, dunia hii ina watu wa ajabu. Nimemweleza habari ya maji, nimemweleza habari ya figo, lakini kwenye askari nimechanganya, na yeye ni mbishi, hakusoma.

Kile kibali usikiandike. Jumapili nitawaambia wakwe wa Mkuu kijiko kinasubiri miezi sita, amri yangu. Ila tafadhali Sista Mektrida anipigie leo, kabla Jovin hajazunguka kwenye dirisha. Anitajie yote upya, polepole. Kalamu ninayo mkononi.