Picha Sabini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi 1996. Kakuma.
Nimenunua kamera! Kuukuu, ndogo kama kipande cha sabuni. Kila picha inakula nusu tu ya nafasi yake, kwa hiyo filamu ya picha thelathini na sita inatoa sabini na mbili. Puok, mpiga picha mwenzangu hapa sokoni, ana kamera ya kawaida. Maskini. Nimemwambia mbele ya wateja wake atafute kazi nyingine.

Jumatano, 6 Machi.
Wateja kumi na mmoja. Wa mwisho Adau, na mtoto wa wiki tatu. Mumewe ni mpishi Lokichoggio, hajamwona mtoto. Lori linaenda huko Jumatatu. Nikamwahidi picha Jumapili.

Ijumaa, 8 Machi.
Jana hakuja mtu. Filamu haijafika hata nusu. Ningeweza kuitoa ilivyo, lakini nitupe nafasi zote hizo? Kamwe! Nimekwenda Lopur kuwapiga picha mbuzi wa mzee Apua. Jua kali. Mzee sasa anadai picha ya kila mbuzi. Puok amemaliza filamu yake, imekwenda Lodwar kusafishwa.

Jumapili, 10 Machi.
Nimepiga kanisa. Mlango wa kanisa. Baiskeli ya katekista. Picha ya sitini na moja. Adau alikuja, akanisalimu ejok, akakaa chini kusubiri. Hakugombana. Afadhali angegombana. Mwishowe akauliza, "Kaka Ethuro, hiyo kamera haishibi?" Miguu inauma.

Jumatatu, 11 Machi.
Lori limeondoka na picha ya mtoto. Picha ya Puok! Alimpiga Ijumaa, bure, filamu yake ilipokuwa ikiishia. Adau ameniambia kwa upole. Nimemaliza filamu yangu kwa kupiga kiatu changu mara kumi na moja.

Alhamisi, 14 Machi.
Picha zimerudi. Studio imezichapa mbilimbili kwenye karatasi moja. Mtoto wa Adau yuko bega kwa bega na beberu wa Apua, wote wamekunja uso. Adau alicheka mpaka akaketi. Mzee Apua naye anaitaka. Wamevutana, kila mmoja akishika upande wake. Puok amesema hajawahi kuona picha nzuri hivyo. Nilimgeuzia mgongo. Nilikuwa karibu kulia.

Ijumaa, 15 Machi.
Nimelala chali siku nzima, nikifikiri. Kosa nimeliona: kamera moja haitoshi. Kuna mgeni huko Nawoitorong anauza nyingine kama hii. Kwa mbili nitakuwa na picha mia moja arobaini na nne. Puok amekwisha!