Mafiga Matatu ya Mwenezi

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Rungwe Mpya. Leo Bwana Misitu Abdalah, yule wa kutoka Tanga, ameonyesha jiko la udongo pale shuleni. Anasema linakula nusu ya kuni. Vema, maana tangu kambi za wakimbizi zifike miti imekwisha na mke wangu Philomena anafuata kuni hadi mlima wa pili. Nilikuwa karibu kupiga makofi. Kisha nikaona nani kamfinyangia udongo. Kipriani! Katibu wa upinzani! Nikaficha mikono mfukoni.
Nimelichunguza hilo jiko. Lina matundu mawili. Kwa nini mawili?

Jumatano, 6 Septemba
Nimepata jibu saa ya kunyoa ndevu. Mafiga ni matatu: Chama, Serikali na wananchi. Ukipikia matundu mawili, nani umemtoa? Mimi ni mwenezi wa tawi, kazi yangu ni kueneza. Hadi saa sita wanachama wetu wote walikuwa wameapa kufia kwenye mafiga. Katibu wa kata amenisifu. Anatafuta mtu wa kupanda gari la kampeni na kushika kipaza sauti. Hakusema ni mimi, ila alinitazama sana.
Philomena ameuliza kama Chama kitakwenda kumchanjia kuni. Sikupenda sauti yake.

Ijumaa, 8 Septemba
Philomena ameondoka. Amemchukua binti yetu Recho na sufuria kubwa, amekwenda kwao Munanila. Amesema shingo yake imechoka, atarudi siku atakaposikia kuna jiko. Nimepika ugali mwenyewe. Moshi umenitoa machozi. Ni moshi tu.

Jumamosi, 9 Septemba
Bwana Misitu ametaka tushindane hadharani. Kuni kilo tano kwa jiko, kilo tano kwa mafiga, maharage kutoka gunia lile lile, mizani ya chama cha msingi cha kahawa. Nimejitolea kulinda kuni usiku huu. Hakuna aliyenishuku! Zile za jiko nimezimwagia ndoo mbili za maji.

Jumapili, 10 Septemba
Baada ya misa, watu wamejaa. Kuni za jiko zililia na kutoa mapovu, nikatabasamu. Hata hivyo maharage ya jiko yakaiva na kuni zikabaki. Ya kwetu kuni zikaisha, maharage magumu kama changarawe. Tharsisi, mwenyekiti wa tawi letu, alitafuna moja akasema limeiva vizuri sana. Nilisikia jino likilia. Wenzetu wakakubaliana kwamba mizani imechezewa. Upande wa Kipriani wakashangilia, ila niliwatazama: hata mmoja hakuwa amesogea kusoma mizani. Walishangilia tangu kuni hazijawashwa.
Bwana Misitu alifungasha vitu vyake polepole. Akaniambia, "Bwana Mwenezi, mizani haina kadi."
Ndivyo wanavyosema wote wenye kadi ya siri.

Alhamisi, 14 Septemba
Balaa. Mgombea wetu amefika na kuhutubia. Amesema jiko la udongo ni sera ya Chama na anayelipinga ni adui wa misitu. Nilishangilia kuliko wote. Nilisema mimi nililitambua mapema. Kufika saa kumi Kipriani alikuwa amelivunja la kwake kwa jembe na kurudi kwenye mafiga, eti hapikii sera ya mtu. Mama yake mzee alisimama uani akilitazama lile rundo la udongo.

Jumamosi, 16 Septemba
Nimejenga jiko kwa mikono yangu. Nimelipaka kijani, rangi ya Chama. Kesho Munanila!

Jumapili, 17 Septemba
Nimepanda lori la maharage. Mama mkwe kanisalimia kwa mbali, kama desturi. Philomena alikuwa anapika, kwao wana jiko la udongo toka mwaka jana. Nimemweleza yote, hata rangi. Aliacha kukoroga.
"Baba Recho, na mgombea akibadilisha neno wiki ijayo, jiko litabaki?"
Swali gumu sana hilo. Nikamwambia itategemea atakavyosema. Akarudi kwenye sufuria yake. Nimerudi na lori lile lile, peke yangu, na moyo unauma. Nyumba ni kubwa mno.

Jumatano, 20 Septemba
Gari la kampeni limepita. Kipaza sauti kashika mtu wa kata nyingine.
Zahanati wameleta kioo cha kuvuna umeme wa jua, wa kupoza chanjo. Watu wamekuja kuniuliza kama ni salama. Nimewaambia wasipeleke watoto mpaka nijue fundi ni wa chama gani.
Philomena hajarudi. Nimewaza siku tatu nzima kwa nini, na sasa nimeelewa: kwao wamempa kadi ya upinzani. Kesho namwandikia barua katibu wa kata. Mke wangu lazima achunguzwe.