Ncha Zangu Mlizozipima

Kwa Mkuu wa Maabara,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba, mwanangu. Mimi ni bibi wa yule binti anayewapimia seli za watu. Mimi mwenyewe ni fundi cherehani. Darasa silijui hata mlango wake. Malalamiko yangu ni haya.

Kwanza. Mlinitoa damu, mkasema zile ncha ndani ya seli zangu, telomea, ni fupi. Mjukuu amenieleza: ni kama kile kipande kigumu mwishoni mwa kamba ya kiatu. Kila seli inapojigawa, ncha hupungua. Ikifupika mno, seli inagoma kazi. Kumbe! Miaka arobaini nikikata kamba naichoma ncha kwa mshumaa isifumuke, na hakuna aliyenivika koti jeupe.

Pili. Fupi kuliko za nani? Nimezaa saba, nimelea kumi na mmoja. Ncha zangu hazikupotea, zimetumika. Waulizeni hao watoto, wanazo.

Tatu. Niliomba nirefushiwe kidogo, upindo tu. Mjukuu akasema zikirefushwa ovyo, saratani nayo hujishonea nguo mpya. Haya, upindo nimeuacha.

Nne, na hapa ndipo penye donda. Mnasema wasiwasi na kukosa usingizi hula ncha. Sasa mimi nani ananikosesha usingizi? Huyo huyo mjukuu. Miezi mitano hajakanyaga kwangu. Anakula mkate amesimama kando ya mashine yenu, macho yamemwingia ndani kama vifungo vilivyokazwa mno. Mnapima uchakavu wa wazee huku mnashona mwingine mpya hapo hapo kazini.

Tano. Kwa hiyo nadai apewe siku tatu za kupumzika. La sivyo nakuja na mshumaa wangu, niwachome ncha mmoja mmoja, kuanzia na wewe.

Nisalimie walinzi, wafagiaji, na yule mama wa mapokezi aliyenishika mkono wakati wa sindano. Panya wenu nao wasalimie, hawana kosa.

Ni mimi, mwenye ncha fupi na ulimi mrefu,
Bibi yake

Tanbihi: Kuandika sijui, kwa hiyo imebidi mjukuu aje anishikie kalamu. Alifika Ijumaa, akalala mchana kutwa, akala sahani mbili, na barua tumeimaliza leo Jumapili. Siku zake tatu nimeshazichukua mwenyewe. Malalamiko yote nayafuta. Ila tafadhali nijibu, tena kwa barua ndefu. Kusoma pia sijui.